Wiki Moja ya Presha Nyumbani

Mkulima wa chai wa pande za Kapkoros mwenye siku ya kliniki ya presha hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Hushuka mteremko kwa miguu hadi barabarani, akapanda boda hadi Silibwet, kisha akabanana kwenye matatu ya kwenda mjini Bomet. Baridi ya asubuhi imemwingia, nauli imepanda bila taarifa, na kichwani anapiga hesabu ya majani aliyoacha shambani, ambayo lori la kiwanda halitayangoja. Akifika anakuta benchi limejaa. Zamu yake ikiwadia, sista anamwambia, "Mama, kaa hapa, leta mkono." Mkanda unazungushwa juu ya sweta, na mashine ikiwa bado inajaza hewa anaulizwa amebakiwa na dawa ngapi. Anajibu. Nambari inatoka: 162 kwa 96.

Nambari hiyo si ya uongo. Ndiyo presha aliyokuwa nayo dakika ile, akiwa na baridi, haraka, miguu iliyochoka na mdomo unaosema. Lakini kliniki ni siku moja katika mwezi au miezi mitatu. Zile siku nyingine zote, za kukama na kuchuma na kulala, ndizo zinazoamua kama mishipa ya ubongo itahimili na kama figo zitadumu. Anayetaka kujua presha ya siku hizo hana budi kuipima huko huko iliko.

Jambo hili wala si geni kwa madaktari. Mkanda wa kubana mkono ulibuniwa na Mwitalia Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha namna ya kuisikiliza presha kwa stetoskopu. Mwaka 1940, madaktari wawili wa Boston, Ayman na Goldshine, waliwapa wagonjwa wao mashine wajipimie nyumbani. Nambari za nyumbani zikatoka chini kuliko za kliniki, tena mara nyingi kwa pengo kubwa. Hata hivyo kwa miaka mingi baadaye nambari ya daktari ndiyo iliyoendelea kuandikwa kitabuni na ya mgonjwa ikabaki mfukoni mwake.

Jaribio lililoeleza sababu lilifanywa Milan na Giuseppe Mancia na wenzake, likachapishwa mwaka 1983. Wagonjwa waliwekewa kipimo ndani ya mshipa wenyewe, kikirekodi presha mfululizo mchana na usiku, kisha daktari akaingia chumbani na kuanza kupima kwa mkanda kama kawaida. Katika dakika nne za kwanza nambari ya juu ya presha ilipanda kwa wastani wa milimita 27 za zebaki na ya chini kwa 15. Kufikia dakika ya kumi sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa imeyeyuka. Daktari hakuwa amefanya lolote ila kuingia tu. Kundi hilohilo lilionyesha baadaye kwamba muuguzi huipandisha presha kwa kiasi kidogo kuliko daktari, habari ambayo wauguzi wa kliniki za Bomet hawatashangaa kuisikia.

Hali hii huitwa presha ya koti jeupe: juu kliniki, sawa nyumbani. Ipo na kinyume chake, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu haimshtui mtu. Ni presha iliyojificha. Fikiria mwanamume wa makamo anayefanya kazi kiwandani, mvutaji sigara, anayepitia chang'aa jioni na kulala saa tano. Siku ya kliniki ameomba ruhusa kazini, amemeza kidonge alfajiri ile ingawa wiki nzima alikisahau, na amekaa kwenye benchi saa mbili bila sigara. Anapimwa 128 kwa 82, anapongezwa, anarudi nyumbani. Saa mbili usiku, angekuwa na mashine, angeona 150. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu wa namna hii yumo katika hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo inayokaribiana na ya yule ambaye presha yake iko juu kila mahali, na yeye hata dawa zaidi hapewi.

Ajabu ni kwamba ukanda huu uliwahi kutajwa duniani kama mahali pasipo na ugonjwa huu. Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi South Kavirondo, nchi ya Kisii na majirani zake, ng'ambo tu ya Sotik, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakupata hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Miongo kadhaa baadaye watafiti, akiwemo Neil Poulter, waliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalionyesha presha ikipanda mapema mara baada ya kuhamia mjini, na mkojo ukionyesha chumvi nyingi kuliko ya ndugu waliobaki nyumbani. Poulter huyohuyo ndiye aliyekuja kuongoza kampeni ya dunia ya kupima presha kila mwezi wa Mei, iliyoanza mwaka 2017.

Siku hizi hakuna haja ya kuhamia Nairobi. Chumvi, mafuta ya kupikia, sukari na pikipiki vimefika hadi Sigor na Chebunyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu Mkenya mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu nyumbani na kliniki, wapo wengi ambao kipimo chochote, popote, ndicho hatua ya kwanza. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua pale Uhuru Park wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na katika mikoba waliyokabidhiwa mna mashine ya presha. Mhudumu akibisha hodi, asirudishwe kwa sababu watu wako shambani. Aombwe arudi jioni.

Sasa kuhusu mashine ya kununua. Inayofaa ni ile ya kidijitali yenye mkanda wa kufungwa juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono ni nyepesi na za kuvutia dukani, lakini hukosea upesi mkono usipokaa sambamba na moyo. Za kidole hazifai. Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera nazo si za kuamuliwa dawa. Mashine iliyo nzuri ni iliyopimwa na kuthibitishwa usahihi wake, na orodha ya zilizothibitishwa hutolewa bure na shirika la STRIDE BP kwenye tovuti yao. Anayekwenda kununua kwenye duka la dawa aangalie jina na nambari ya modeli iliyo kwenye boksi, aitafute kwa simu papo hapo. Mwenye duka akikasirika, maduka ni mengi.

Kisha mkanda. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, na wengi hawalijui. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha nambari bila sababu yoyote ya mwilini. Jaribio la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lililochapishwa mwaka 2023, lilikuta kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa walipopimwa kwa ule wa kawaida, nambari ya juu ilizidi kwa takriban 20. Ishirini! Hicho ni kiasi cha kumfanya mtu mwenye afya aandikiwe vidonge, au mwenye kidonge kimoja aongezewe cha pili na cha tatu. Mkono uliojengwa na miaka ya kubeba kikapu cha majani na debe la maji mara nyingi haukai ndani ya mkanda wa kawaida. Dawa ni rahisi: fundi cherehani yeyote sokoni ana tepu. Mkono upimwe mzunguko wake katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida imeandikwa sentimita 22 hadi 32. Aliyepita hapo atafute ya 22 hadi 42 au ile kubwa ya 32 hadi 42. Vipimo hivyo vimechapwa kwenye mkanda wenyewe.

Gharama ya mashine nzuri ni shilingi elfu chache, nayo kwa mwenye kilo chache za majani kwa siku si pesa ya kutupwa. Wakati wa bonasi ya chai inawezekana. Njia nyingine, ambayo inaendana na desturi za huku, ni chama. Kikundi cha wanawake kumi wanaochangiana kila mwezi kinaweza kununua mashine moja yenye mkanda mpana na kuizungusha, kila mwenye presha akakaa nayo wiki yake. Inatosha, kwa sababu kipimo cha nyumbani hakihitaji mashine kulala kando ya kitanda mwaka mzima. Sharti moja tu: nambari zisiachwe kwenye kumbukumbu ya mashine inayozunguka, maana ya Mama wa boma la juu itachanganyika na ya jirani yake. Ziandikwe kwenye daftari papo hapo.

Na sasa upimaji wenyewe, ambao watu wengi hudhani ni kufunga mkanda na kubonyeza.

Saa ya asubuhi ni kabla ya kukama, kabla ya kidonge na kabla ya chai. Kukama ni kazi ya mikono na mgongo, na presha hukaa juu kwa muda baada yake. Chai ina kafeini, nayo hupandisha presha kwa nusu saa au zaidi. Katika nchi ambako thermosi haikosi mezani na mgeni hawezi kuondoka bila kikombe, hili ndilo sharti gumu kuliko yote. Lakini kikombe kinaweza kungoja dakika kumi na tano. Sigara vilevile. Kibofu kijae kisijae, mtu aende msalani kwanza, kwa kuwa mkojo uliobanwa nao hupandisha nambari.

Kiti kiwe na mgongo. Stuli ya jikoni, ile fupi ya miguu mitatu, haifai: mtu hukaa amejikunja, magoti juu, tumbo limebanwa. Moshi wa kuni nao si rafiki. Afadhali sebuleni. Miguu ikae sakafuni, isipishanishwe. Tatizo la sebule nyingi ni meza: zile za katikati ya makochi ni fupi mno, na mkono ukilala juu yake unakuwa chini ya moyo. Jaribio jingine la Johns Hopkins, la mwaka 2024, lilikuta kwamba mkono uliowekwa mapajani huongeza karibu 4 kwenye nambari ya juu, na ulioning'inia kando huongeza zaidi ya 6. Mito miwili ya kochi juu ya meza hiyo humaliza shida. Mkanda uwe usawa wa matiti, kiganja kimelegea, kinatazama juu.

Sweta livuliwe mkono mmoja. Kulikunja hadi begani hakusaidii, kwa kuwa mkunjo wenyewe unabana mshipa kama kamba. Ukingo wa chini wa mkanda uwe juu ya kiwiko kwa upana wa vidole viwili, na bomba lielekee upande wa ndani. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapouma, moto uwashwe kwanza au mtu ajifunike shuka miguuni. Baridi huibana mishipa na presha ikapanda nayo.

Halafu dakika tano za kimya. Kimya kweli: redio imezimwa, simu iko mbali, watoto wako nje. Kuzungumza wakati mashine inapima kunaweza kuongeza nambari kwa kumi hivi. Huku hilo lina ugumu wake, kwa sababu akiingia mzee na kusema "Chamgei," hakuna Mkipsigis atakayekaa kimya kama hakusikia. Mlango ufungwe, au wa nyumbani waambiwe mapema kwamba Kogo, yaani bibi, anapima presha na salamu zitajibiwa baadaye. Kisha kipimo cha kwanza kichukuliwe, dakika moja ipite, kichukuliwe cha pili. Vyote viwili viandikwe, hata kama kimoja hakipendezi.

Kile kisichopendeza hasa ndicho kiandikwe. Daktari yeyote aliyekaa na daftari za wagonjwa amewahi kuona lile lenye 120 kwa 80 kila asubuhi na kila jioni kwa wiki mbili. Mwili wa binadamu haupigi hivyo. Mwenye daftari hilo alikuwa akirudia hadi apate anachotaka, au alikuwa akijitungia ili asigombezwe, na mwishowe anayedanganyika ni yeye.

Siku ya kwanza kabisa, presha ipimwe mikono yote miwili. Ule unaotoa nambari kubwa ndio utumike siku zote zinazofuata. Tofauti kati ya mikono ikizidi 15 kila mara, daktari aambiwe, kwa kuwa huenda mshipa wa upande mmoja umeziba kidogo. Baada ya hapo utaratibu ni wa siku saba: vipimo viwili asubuhi, viwili jioni kabla ya kula au kabla ya kulala. Vya siku ya kwanza huachwa, maana mtu bado ana hofu na mashine mpya. Siku sita zinazobaki hutoa vipimo 24. Nambari zote za juu hujumlishwa na kugawanywa kwa 24; za chini hivyohivyo. Kikokotoo cha simu kinatosha, na mtoto wa darasa la sita akipewa kazi hii hufurahi kuliko kutumwa maji.

Turudi kwa mkulima wa Kapkoros, aliyeandikiwa 162 kwa 96. Tuseme jumla ya nambari zake za juu kwa siku sita ni 3,144. Gawanya kwa 24: 131. Za chini jumla yake 1,968, ambayo ni 82. Wastani wake wa nyumbani ni 131 kwa 82. Sasa je, hiyo ni juu au ni sawa? Kipimo cha kliniki huhesabiwa kuwa juu kikifika 140 kwa 90, lakini cha nyumbani huhesabiwa juu kikifika 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mwili umetulia na hautarajiwi kupanda vile. Madaktari wa Marekani tangu mwaka 2017 wametumia mstari wa chini zaidi, 130 kwa 80. Kwa mwongozo unaofuatwa na wengi nje ya Marekani, mama huyu ana presha ya koti jeupe, au kama tayari yuko kwenye dawa, dawa zake zinafanya kazi kuliko kliniki inavyoonyesha.

Asishangilie sana, lakini. Watu wenye presha ya koti jeupe hupata presha ya kudumu baadaye kwa wingi kuliko wale ambao nambari zao ni nzuri kote, na kwa hiyo wiki hiyo ya daftari inafaa irudiwe kila mwaka, huku chumvi ikipunguzwa na kilo zikiangaliwa. Faida yake ya leo ni kwamba haongezewi dozi asiyoihitaji. Dozi inayozidi ina madhara yake: mtu anainama kuchuma, anainuka, dunia inazunguka, na kwenye mteremko wenye matope ya mvua ya mchana kuanguka si mchezo. Mzee anayepata kizunguzungu apimwe ameketi, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika moja hadi tatu. Nambari ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hilo ni jambo la kumpelekea daktari upesi.

Kwa yule wa kiwandani mwenye 128 kliniki, daftari likionyesha wastani wa 147 kwa 91, safari ya hospitalini isingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kuna nambari ambazo hazisubiri wastani wowote. Mashine ikionyesha 180 kwa 110 au zaidi, mtu akae kimya dakika tano, apime tena. Ikiwa bado iko huko na ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki sawasawa, macho yameingia giza au kichwa kinauma kwa namna asiyoizoea, hapo ni hospitali mara moja, iliyo karibu zaidi: Longisa, Tenwek, Kaplong au Kapkatet. Bila dalili hizo, amwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo au inayofuata, na ameze dawa zake kama kawaida. Asimeze mara mbili. Na asikubali ushauri, ambao bado unazunguka, wa kupasua kidonge na kukiweka chini ya ulimi ili presha ishuke haraka. Presha iliyozoea kukaa juu ikiporomoshwa ghafla, damu hukosa kufika kwenye ubongo, na kiharusi kilichokuwa kikiogopwa kikaletwa na dawa yenyewe.

Mjamzito ana kanuni zake. Mashine nyingi hazijathibitishwa kwa wajawazito, na zile zilizothibitishwa huonyeshwa hivyo kwenye orodha. Akipata 140 kwa 90 au zaidi nyumbani baada ya nusu ya ujauzito, asianze wiki ya daftari. Aende kliniki siku hiyohiyo apimwe na mkojo, hasa akiwa na maumivu ya kichwa, anaona nyota, uso umevimba au anaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu. Nao wenye mapigo ya moyo yanayorukaruka wajue kwamba mashine za kidijitali hukosea kwao. Mashine nyingi zina alama ya moyo inayomweka ikiona mapigo si sawa; ikitokea mara kwa mara, iandikwe kando ya nambari.

Wapo pia wasiofaa kuwa na mashine ndani ya nyumba, angalau si kila siku. Ni wale wanaopima saa moja, wakaona 138, wakapima tena saa moja na robo, wakaona 144, wakaogopa, wakapima tena na kuona 151. Mashine imegeuka chanzo cha presha. Mtu wa namna hii apimiwe na mhudumu wa afya wa kijiji, au mashine ikae kwa binti yake na iletwe wiki moja tu kabla ya kliniki. Hata kwa aliyetulia, wiki moja kila miezi michache inatosha presha ikishadhibitiwa.

Kliniki haiondolewi na yote haya. Mashine ya nyumbani haipimi figo, haipimi sukari, haitazami macho wala kusikiliza moyo, na haiwezi kujua kwamba maumivu ya goti yanayotulizwa na diklofenaki kila siku ndiyo yanayopandisha presha. Zaidi ya hayo mashine yenyewe inahitaji kukaguliwa: mara moja kwa mwaka, au ikianguka, ibebwe ndani ya mfuko hadi kliniki ipimwe sambamba na ya hospitali kwenye mkono uleule. Mashine za mshale zilizoko kwenye zahanati nazo hupotea njia zikikaa bila kurekebishwa, kwa hiyo tofauti ikionekana isidhaniwe moja kwa moja kwamba ya nyumbani ndiyo mbovu.

Kinachobaki ni kulifikisha daftari mbele ya daktari, na hapo heshima huwa kikwazo. Wazee wengi huona kumpa daktari nambari zao ni kama kumfundisha kazi. Si hivyo, na maneno ya kusema si magumu: "Daktari, nimepima nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni. Naomba uangalie wastani kabla hujaandika dawa." Daftari liwe limefunguliwa ukurasa wenyewe, wastani umepigiwa mstari, aina ya mashine imeandikwa juu, na kando yake majina ya dawa zote, pamoja na miti shamba kama inatumika. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini hana muda wa kusoma vipimo 24, ila wastani mmoja atausoma. Na mgonjwa asiache kidonge asubuhi ya kliniki kwa kudhani lazima aende na tumbo tupu, kosa ambalo huwapata wengi wanaoambiwa watatolewa damu. Kidonge cha presha humezwa kwa maji hata siku hiyo, isipokuwa daktari amesema vinginevyo.

Kabla ya kuondoka, mgonjwa aombe aandikiwe nambari anayotakiwa kufikia nyumbani, maana ya kijana, ya mwenye kisukari na ya Kogo wa miaka 85 hazilingani. Dozi ikibadilishwa, asianze kupima kesho yake asubuhi na kukata tamaa. Amlodipine, kwa mfano, huhitaji kama wiki moja ya kumezwa kila siku kabla haijatulia kwenye damu, kwa hivyo wiki mpya ya daftari huanza wiki mbili hadi nne baadaye, saa zilezile, mkono uleule na mkanda uleule.